Usaili Mlangoni pa Madaktari wa Wanyama

Hapo mwaka 1761, serikali ya Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa ilipompa Claude Bourgelat rukhsa ya kufungua mjini Lyon chuo cha kutibu maradhi ya wanyama, sotoka ilikuwa imekwisha kufyeka ng'ombe wa Ulaya makundi kwa makundi, na mkulima aliyeuguliwa na fahali wake aghalabu hakuwa na wa kumwendea ila mhunzi avishaye farasi viatu vya chuma, au mganga wa kijiji. Bourgelat, aliyekuwa mkuu wa chuo cha kupanda farasi, alianza kufundisha mwaka 1762, na miongoni mwa vijana waliomjia walikuwamo wana wa wahunzi na wa wakulima, ambao mikono yao iliyozoea nyundo na kwato ilikuwa ndiyo sifa yao kubwa. Kutoka Sweden alikuja Peter Hernquist, aliyechaguliwa na mwalimu wake, mwanachuoni Carl Linnaeus. Naye aliporejea kwao alianzisha chuo cha Skara mwaka 1775. Kwa mawazo yangu, uteuzi wa namna hiyo, wa mwalimu kumkadiria mwanafunzi anayemjua, ulikuwa na busara ambayo vyuo vya baadaye vilichukua muda mrefu kuirudia.

London haikuirudia kwa haraka. Chuo kilichoanzishwa huko mwaka 1791 kilipoangukia mikononi mwa Edward Coleman, mwenye ada alipokewa bila ya masharti makubwa, na wako waliotoka na shahada baada ya miezi michache tu. Mwaka 1844 matabibu wa wanyama wa Uingereza walipata hati ya kifalme, chama chao kikakabidhiwa mamlaka ya kutahini, na tangu siku hiyo fani ikawa na bawabu.

Bawabu huyo ndiye aliyekutana na Aleen Cust, binti wa ukoo wa kikabaila aliyezaliwa Ireland mwaka 1868, ambaye tangu utotoni hakutaka kazi nyingine ila ya kutibu wanyama. William Williams, mkuu wa chuo kimojawapo cha Edinburgh, alimkubali. Naye bibi huyo akajiandikisha kwa jina la Custance, ili jamaa zake wasione haya. Alimaliza masomo, lakini mwaka 1897 chama kilikuwa kimemkatalia kufanya mitihani yake kwa sababu alikuwa mwanamke. Akapeleka daawa mahakamani Edinburgh, akaambiwa kwamba makao ya chama yako London, na mahakama ya Scotland haina uwezo juu yake. Si ujuzi wake uliotiwa shaka, maana Williams mwenyewe alimwandikia barua ya kumshuhudia, na kwa barua hiyo akapata kazi kwa tabibu William Byrne katika wilaya ya Roscommon, ambako wafugaji walimwita usiku na mchana kwa ng'ombe walioshindwa kuzaa na farasi waliovunjika. Halmashauri ya Galway ilipomteua kuwa mkaguzi wa maradhi ya mifugo, chama kikapinga tena. Vita Kuu vilipozuka akaenda Ufaransa kuhudumia farasi wa jeshi. Na baada ya sheria ya 1919 kuwafungulia wanawake kazi za kitaaluma, alipokea shahada yake mwezi wa Desemba 1922, akiwa na umri wa miaka 54. Nayasoma haya kwa uchungu, maana robo karne ilipotea wakati wafugaji wa Ireland walikuwa wamekwisha kumkubali.

Mlango ulipofunguka kisheria, kizuizi kilihamia katika chumba cha usaili. Wanawake wengi waliosailiwa Uingereza na Marekani katikati ya karne ya 20 wamesimulia kwamba wazee wa jopo waliwauliza kama wataolewa, na kama wataweza kumzuia fahali, maswali ambayo kijana wa kiume aliyeketi kiti hicho hicho hakuulizwa.

Dosari kubwa ya jopo ni kwamba hukumu yote hutegemea hisia za watu wachache waliozungumza na msailiwa mara moja. Kwa sababu hiyo walimu wa udaktari wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, walibuni utaratibu waliouchapisha mwaka 2004, ambao umeigwa na vyuo vingi vya tiba ya wanyama. Msailiwa husimama nje ya mlango, husoma kwa dakika mbili kisa kilichobandikwa hapo, labda cha mfugaji asiye na fedha ambaye mnyama wake anateseka. Kengele inapolia huingia na kukijadili kwa dakika nane mbele ya msaili mmoja. Kengele inalia tena, naye huhamia mlango mwingine, kwa msaili asiyejua lolote alilolisema kwanza. Aliyeteleza mlango mmoja ana fursa katika mingine.

Kwetu Afrika Mashariki, anayetaka kuingia chuo cha tiba ya wanyama cha Kabete au cha Morogoro hupimwa zaidi kwa alama za sayansi alizopata sekondari. Sipingi alama, kwani hazijali nasaba wala jinsia. Lakini mtoto wa mfugaji, anayemtambua ng'ombe mgonjwa kwa pua iliyokauka, masikio yaliyolegea na kuacha kucheua, kabla hajapimwa joto, ana elimu ambayo karatasi ya mtihani haina mahali pa kuiandika. Na ningependa vyuo vyetu vimpe japo dakika nane za kuieleza.