Kura Bila Mlinzi: Marekani, 1870 hadi 1965

Nimeombwa niandike machache juu ya Historia, somo nililolifundisha kwa miaka mingi. Nimechagua swali ambalo wanafunzi hawakuacha kuniuliza tulipofika Marekani: ikiwa watumwa walipewa uhuru na kura baada ya vita, mbona wajukuu wao waliandamana kudai kura hiyo hiyo?

Tuanze na miaka. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikwisha mwaka 1865, na mwaka huo Marekebisho ya 13 ya Katiba yakafuta utumwa. Ya 14, mwaka 1868, yaliwapa uraia. Ya 15, mwaka 1870, yalikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Mwaka huo huo Hiram Revels wa Mississippi akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika Seneti. Mwanafunzi mwenye haraka hufunga daftari hapa.

Lakini kura hiyo ililindwa na askari wa serikali kuu. Uchaguzi wa 1876 ulizua ubishi mkubwa, na mwishowe Rutherford Hayes akatangazwa mshindi kwa kura 185 za wajumbe dhidi ya 184. Mwaka 1877 akawaondoa askari waliokuwa wakizilinda serikali za South Carolina na Louisiana. Katika Katiba halikufutwa hata neno moja. Aliyeondoka ni mlinzi.

Vitisho na mauaji vilikuwapo tangu hapo. Sasa zikaja na sheria. Mwaka 1890 Mississippi iliandika katiba mpya. Mpiga kura alitakiwa alipe kodi ya dola 2, tena aweze kusoma kifungu cha katiba ya jimbo, au kukieleza akisomewa. Aliyeamua kama maelezo yanatosha ni karani wa uandikishaji, naye alikuwa mzungu. Rangi haikutajwa popote. Majimbo mengine ya Kusini yakafuata. Huko Louisiana watu weusi walioandikishwa walizidi 130,000 mwaka 1896. Kufikia 1904 walibaki kama 1,300 tu.

Hali hiyo ilidumu miaka mingi. Tarehe 7 Machi 1965 polisi waliwapiga waandamanaji darajani Selma, Alabama, na taifa likaona kwenye televisheni. Tarehe 6 Agosti Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Haki yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 95. Sheria hii ilimrudisha mlinzi. Mitihani ya kusoma ilisimamishwa katika majimbo yaliyohusika, maafisa wa serikali kuu wakatumwa kuandikisha watu, na majimbo hayo hayakuweza kubadili taratibu za kura bila kibali. Mississippi, walioandikishwa walikuwa chini ya watu weusi 7 katika kila 100. Mwaka 1967 walikaribia 60.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha kifungu kilichoyataja majimbo ya kuomba kibali, na sharti hilo likakosa nguvu.

Vijana, mtihani utawauliza sheria ilipitishwa mwaka gani. Andikeni mwaka huo bila kukosea. Kisha jiulizeni: ni nani aliyeilinda, na aliondoka lini?