Urizi wa Mukoloni: Mjane, Watoto na Kilima

Kitabu hiki cha jubile kimeeleza habari za wapadri, za makatekista na za kujengwa kwa makanisa. Tumeona inafaa tuongeze neno juu ya jambo ambalo wazee wa Beni na Butembo hulisema kwa sauti ndogo: mzungu wa shamba alipokufa, nani alirizi?

Tangu mwaka 1928 Komite ya Taifa ya Kivu iligawia wakoloni udongo mwingi. Walipanda kahawa, na kule juu, upande wa Lubero, piretre na ngano. Kwa desturi ya Wanande udongo ni wa ukoo; aliyeomba mahali pa kulima alileta mbuzi kwa mkubwa wa kilima, wala mbuzi huyo hakumfanya kuwa mwenye udongo. Mukoloni alikuwa na karatasi ya Leta. Siku ya kugawanya mali yake, wenye kilima hawakuitwa.

Urizi wa Mbelgiji ulifuata sheria ya kwao. Wengi hudhani kwamba bibi yake alitwaa vyote, sivyo. Tuseme shamba la hektari 200, nao walioana kwa umoja wa mali. Hektari 100 zilikuwa za mjane tangu mwanzo. Mia nyingine zilikuwa za watoto, kwa sehemu zilizo sawa, wavulana na wasichana. Katika hizo, sheria ya mwaka 1896 ilimpa mama mavuno ya 50 tu, mpaka kufa kwake, pasipo ruhusa ya kuziuza.

Lakini mara nyingi palikuwa na mama mwingine, yule waliyemwita menajere, ambaye alipika, alitunza nyumba na kuzaa. Yeye hakurizi hata kikombe. Mtoto wake, kama baba hakumkubali mbele ya Leta, hakupata kitu. Kama alimkubali, alipata sehemu ndogo kuliko ndugu zake wa ndoa. Ubelgiji haukusawazisha jambo hilo mpaka sheria ya tarehe 31 mwezi wa 3, 1987. Watoto wengi wa namna hiyo walinyanganywa mama zao. Wengine wa Kivu walipelekwa kwa masista wa Save, kule Rwanda.

Tusijifiche. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikataza kuandika jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa katika kitabu cha ubatizo, isipokuwa baba ameomba kwa barua ao mbele ya mashahidi wawili, ao hati ya serkali inamtaja. Mtoto huyo angekwenda na nini mbele ya hakimu? Mwaka 2017 maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi kwa ajili ya sehemu ya Kanisa katika mambo hayo.

Watoto wa ndoa nao hawakula urizi siku nyingi. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, ilitangaza kwamba udongo wote ni wa Leta, na mgeni hupewa kwa muda tu. Tarehe 30 mwezi wa 11, Mobutu alitangaza kwamba mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Wazaire hao nao ni watu wa kufa, na hapo maulizo yanarudi, safari hii kwa wajane wetu wenyewe.

Kode ya Jamaa ya tarehe 1 mwezi wa 8, 1987, inawapa watoto sehemu tatu katika ine, hata waliozaliwa inje ya ndoa, ikiwa baba aliwakubali angali hai. Sehemu ya ine mjane anaigawana na wazazi na ndugu za marehemu. Lakini nyumba waliyokaa pamoja anaendelea kukaa ndani yake, na nusu ya mavuno ya shamba linaloizunguka ni yake. Shemeji anayekuja kesho ya maziko kuomba funguo hana haki. Tena cheti cha ubatizo hakitoshi: baba aende mwenyewe kwa ofisi ya Leta kuandikisha mtoto.