Mpagazi na Mashua: Neno Moja katika Safari ya 1874–1877

Mada yangu ni ndogo kwa sura yake. Ninakusudia kulizungumzia neno moja, mpagazi, na kulitazama likiwa katika kazi ambayo haikuwa ya kawaida hata kwa wapagazi wenyewe, yaani kubeba chombo cha majini katika nchi kavu. Historia ya misafara ya bara imeandikwa kwa wingi. Pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya zimehesabiwa kwa makini. Mashua haikuhesabiwa ipasavyo kama mzigo, kwa kuwa wasomaji wengi huikuta ikiwa tayari inaelea.

Tuanze na sarufi. Kitenzi -pagaa, kwa maana ya kubeba, hasa begani, kinalingana kwa umbo na -kaa, -zaa na -chukua: vyote vilikuwa na konsonanti l iliyodondoka kabla ya irabu ya mwisho. Konsonanti hiyo ilipokutana na kiishio -i cha nomino iligeuka kuwa z, na ndiyo sababu tunasema mkazi, mzazi, mchukuzi na mpagazi. Hata hivyo z hiyohiyo huzalishwa na mnyambuliko wa kutendesha, kama tunavyopata -jaza kutokana na -jaa; kwa hiyo kuna -pagaza, kumtwika mtu mzigo. Kwa umbo lake tu, basi, mpagazi angeweza kuwa anayebeba au anayetwika. Matumizi yalimchagua anayebeba. Kisha ipo -pagawa, ambayo siku hizi huihifadhi kwa mtu aliyeingiwa na pepo. Sioni kwamba maana hizi ziko mbalimbali kama wanafunzi wangu wanavyodhani. Pepo humpanda mtu, humkalia, naye humchukua asikotaka. Cha kusikitisha ni kwamba mzungumzaji wa leo anaijua -pagawa ya pepo lakini -pagaa ya mzigo imemtoka kinywani.

Lugha nyingine zililipa jina jambo tofauti. Katika Amerika ya Kaskazini, wafanyabiashara wa ngozi waliosema Kifaransa waliiita portage njia ya porini ya kupitishia mitumbwi kutoka maji hata maji. Mashuhuri miongoni mwa hizo, Grand Portage, kutoka Ziwa Superior hadi Mto Pigeon, ina urefu wa takriban kilomita 14. Jina lilikaa juu ya njia kwa kuwa njia ilikuwapo, imekanyagwa na Waojibwe na wengine kabla ya wageni kufika, na kwa kuwa mtumbwi wa magome ya mti ni mwepesi wa kupandishwa begani. Mtumbwi wetu wa gogo moja hauna wepesi huo. Huburutwa, au hujahabiwa pwani, basi. Kiswahili hakina nomino moja ya njia ya namna hiyo.

Sasa tuitazame mashua yenyewe. Henry Morton Stanley aliiagiza Uingereza, ikaundwa kwa mbao nyembamba za mwerezi, urefu wa futi 40, katika vipande vitano. Akaiita Lady Alice kwa heshima ya binti wa Kimarekani aliyekuwa mchumba wake (binti huyo aliolewa na mtu mwingine mwaka 1876, mashua ikiwa bado safarini). Vipande vilipofika Unguja vilionekana kuwa vizito kupita kiasi, vingi vyao ratili 280 kila kimoja. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70. Kipande kimoja kilikuwa frasila nane, tena kirefu na kilichopinda, kikapite katika njia ya msafara ambayo upana wake haukuzidi mtu mmoja nyuma ya mwenziwe. Ikabidi seremala aikate upya papo hapo Unguja.

Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, wachukuzi wa mashua walichaguliwa kwa nguvu zao, wakapewa ujira uliozidi wa wengine na posho maradufu, na ruhusa ya kufuatana na wake zao. Jambo hili lastahili kuzingatiwa: hao walikuwa mafundi waliojua thamani ya mabega yao. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukafika Kageyi, kusini mwa Ziwa Viktoria, tarehe 27 Februari 1875. Mashua ikaungwa, ikazunguka ziwa; ikafunguliwa, ikabebwa hadi Ujiji, ikazunguka Tanganyika; ikabebwa tena hadi Manyema. Katika msitu uliofuata baada ya Nyangwe, Novemba 1876, vipande vile vilisukumwa ndani ya majani mithili ya jembe butu, na msafara mzima ukawa unawangoja wachukuzi wake.

Baada ya hapo kazi iligeuka. Januari 1877, kwenye maporomoko yaliyopewa baadaye jina la Stanley, na kuanzia Machi katika yale ya Livingstone, haikuwa tena mashua peke yake bali na mitumbwi mizito ya magogo. Walifyeka njia msituni, wakatandika miti chini, wakaikokota. Penye mteremko waliiteremsha kwa kamba za henzirani. Huko Inkisi waliipandisha mlima ambao Stanley aliukadiria kuwa na kimo cha zaidi ya futi 1,000. Kalulu alikufa maji tarehe 29 Machi. Frank Pocock, Mwingereza, alikuwa na vidonda miguuni, hawezi kutembea. Aliambiwa asubiri machela aje achukuliwe. Hakusubiri. Uledi, msukani wa Lady Alice, aliyatazama maji akasema hayapitiki, lakini Pocock akashikilia; akafa tarehe 3 Juni, na Uledi akaokoka.

Haifai kuwasawiri watu hawa kama malaika. Bunduki za msafara huuhuu ziliwaua watu wa kisiwa cha Bumbire mwezi Agosti 1875, na wengine wengi kandokando ya Kongo. Wala haifai kuwasahau. Walijiita wangwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au walipata kuwa watumwa, na majina kama Feruzi na Mabruki yanadokeza hivyo. Neno hilo ndilo lililoipa jina Kingwana, lahaja ya Kiswahili ya Kongo ya mashariki, iliyofika huko kwa miguu ya misafara.

Uledi aliposhikwa na shanga za wizi, wakati wa njaa katika maporomoko, Stanley aliwaita watu wamhukumu. Ilikumbushwa kwamba alikuwa amewaokoa watu 13 wasife maji. Ndugu yake Shumari na binamu yake Saywa wakajitolea kuichukua adhabu pamoja naye, akasamehewa. Shauri lote hilo tunalo kwa Kiingereza, katika kitabu cha Stanley cha 1878. Je, walisema tutachukua, tutabeba, au tutapagaa? Vitenzi hivi havikuwa sawa kwa watu wa kazi ile, na mwandishi hakuona haja ya kutubakizia kimoja. Tippu Tip, aliyekuwa nao hadi Desemba 1876, ametuachia masimulizi yake kwa Kiswahili, na katika habari ya malipo hakubaliani na Stanley. Mchukuzi wa mashua hakupata mwandishi wa aina hiyo.

Tarehe 31 Julai 1877, karibu na Isangila, Lady Alice iliachwa juu ya mwamba. Tarehe 4 Agosti, watu wakiwa hoi kwa njaa, Stanley aliandika barua kwa muungwana yeyote wa Boma ajuaye Kiingereza, akaongeza tafsiri ya Kifaransa na ya Kihispania. Walioipeleka ni Uledi, Kacheche, Muini Pembe na Robert Feruzi, mwanafunzi wa zamani wa misheni ya Unguja, ambaye alikijua Kiingereza. Tarehe 6 Uledi na Kacheche walirudi kambini wakiongoza wapagazi kutoka Boma, na mizigo yao ilikuwa mchele, samaki, viazi na tumbaku.