Jukwaa Lilikuwepo Kusini

Historia ya usomi wa sanaa za maonyesho Tanzania husimuliwa kuanzia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Idara ya fani hiyo ilianzishwa huko mwaka 1967, na haikupita miaka mingi Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile (1969), Penina Muhando naye akatoa Hatia (1972). Kwa masimulizi hayo, pwani ya Mtwara, toka Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, hubaki ikingoja zamu yake hadi mwaka 2009, Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kilipofungua milango mjini Mtwara, nacho kikajulikana zaidi kwa kuandaa walimu. Mimi naona kinyume. Chuo kidogo cha kusini kikiamua kusomesha sanaa za maonyesho, kinazo mlangoni mali ambazo Mlimani walizifuata kwa safari ndefu.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipanda uwanda wa juu wa Wamakonde, nyuma ya pwani hiyo, akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema. Alikuta wacheza vinyago, na wengine wakicheza juu ya mironjo. Alikwenda kukusanya vitu. Bila kukusudia akaacha ushahidi kwamba sanaa yenye wahusika, mavazi na watazamaji wanaojua kanuni zake ilikuwa imekomaa huku kabla ya jukwaa lolote la mbao. Upande wetu vinyago hivyo huitwa midimu, na hutoka wali wanapotoka jandoni; ng'ambo ya Ruvuma ni mapiko. Lipiko (umoja wa mapiko) huvaliwa kichwani kama kofia, nguo zikafunika shingo na mwili, na mchezaji huona njia kupitia mdomo wa kinyago. Basi hurudisha kichwa nyuma ili aone mbele, na mwendo wa mhusika huzaliwa na dhiki hiyo ya macho. Kila hatua huitikia mpigo wa ngoma. Akiuacha, uwanja mzima unajua. Sijui kama kuna somo la uigizaji linaloshinda hilo.

Wapo watakaosema ngoma ni ngoma, na tamthiliya ni tamthiliya. Hussein mwenyewe hakuuheshimu mpaka huo: katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976) alijenga mchezo juu ya mtambaji wa hadithi. Pingamizi zito ni jingine. Midimu ina siri zake, na jando si mtaala. Ukiipeleka darasani umeivua nguo. Hili ni kweli, na Sindimba ni shahidi. Baada ya uhuru ngoma hiyo ya Wamakonde ilichukuliwa na kikundi cha taifa, ikafika majukwaa makubwa na viwanja vya shule, na wengi wakabaki na kiuno tu, wasijue ilikotoka. Lakini kosa la Sindimba lilikuwa kuinyakua ngoma na kuwaacha nyuma wenye nayo. Chuo kilicho Mtwara kinaweza kuishia pale wazee wanaposema basi, kikasoma kilicho hadharani: uwanja unavyopangwa, watazamaji wanavyojibu, mpigaji anavyomwongoza mchezaji. Hayo yanatosha kwa miaka mitatu ya shahada.

Tena wakubwa walishaonyesha njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama (ndiye Muhando yule yule) na Amandina Lihamba walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakatengeneza maonyesho pamoja na wanakijiji kuhusu mimba za wasichana, kwa kutumia ngoma za huko huko. Wasomi wa idara kubwa walitoka chuoni kwenda kujifunza uwanjani. Kwa chuo cha Mtwara safari hiyo ni nauli ya daladala.

Kuhusu ajira sitabishana sana: wahitimu wengi watakuwa walimu, na hiyo ndiyo faida. Sekondari zetu husoma tamthiliya kwa ajili ya fani na maudhui, daftari mkononi, na mara nyingi mchezo humalizwa bila mtu kusimama. Ngoswe ya Edwin Semzaba hupita hivyo. Mwalimu aliyesoma midimu anajua watazamaji wa uwanjani hawakai safu kwa safu, huzunguka. Mzee Mitomingi wa Ngoswe akichoma karatasi za sensa katikati ya duara hilo, hakuna atakayeuliza dhamira kabla moshi haujamfikia.