Umri wa Mlango: Milango ya Nakshi katika Soko la Vitu vya Kale

Katika vitu vya kale vya pwani ya Afrika ya Mashariki viuzwavyo madukani na minadani, ni vichache vilivyotamaniwa sana, na kusingiziwa mengi, kama mlango wa nakshi. Kiti cha mpingo chenye njumu za pembe huchukulika. Sanduku la misumari ya shaba lilifanywa tangu asili lisafiri, na mengi yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba kabla hayajaitwa masanduku ya Zanzibar. Mlango haukufanywa uende popote. Ilikuwa desturi miimo na vizingiti visimamishwe kwanza, kisha kuta za mawe na chokaa zijengwe kukumbatia mbao hizo; kwa hiyo autakaye mlango mzima wa kale hana budi kuvunja ukuta wa mtu, au kungoja uanguke wenyewe.

Sifa ya milango hii ni ya zamani. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani mwanzoni mwa karne ya 16, alisifu milango ya mbao ya Kilwa kwa uchongaji wake na ustadi wa maungo yake. Mwingereza Richard Burton, aliyekuwa Zanzibar mwaka 1857, aliona kuwa ukubwa wa mlango, uzito wa kufuli na unene wa misumari vilikuwa kipimo cha heshima ya mwenye nyumba. Zama zilizozaa milango mingi inayoonekana leo katika Mji Mkongwe ni karne ya 19, na hasa enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Milango ya mtindo wa Kiarabu ilikuwa na kizingiti cha juu kilichonyooka. Baadaye mafundi na matajiri kutoka Bara Hindi walileta upinde wa nusu duara wenye majani na maua yaliyosongamana. Lamu, Pate na Siyu zilikuwa na njia zao wenyewe, na mchoro wa Siyu, uliokwaruzwa kwa kina kifupi na kutiwa rangi, hauwezi kuchanganywa na nakshi nzito ya Unguja na mtu aliyeiona yote miwili mara moja.

Namna milango hii ilivyofika sokoni haihitaji maelezo marefu. Utajiri uliojenga majumba ulitoka katika karafuu, pembe na biashara ya watumwa, na ulipokatika majumba yakabaki bila mtu wa kuyatengeneza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa Serikali, wakakaa ndani yake wapangaji wengi ambao hakuna miongoni mwao aliyekuwa na wajibu wa dari. Dari ikivuja, chokaa hulainika. Chokaa ikilainika, ukuta huanguka. Na penye kifusi, kitu cha kwanza kupata mnunuzi ni mlango. Katika visiwa vya Lamu hapakuwa na mapinduzi, bali ufukara wa polepole, na wageni waliokuja kwa wingi tangu miaka ya 1960 wakiwa na fedha mkononi. Mlango ambao kwa mwenyewe ulikuwa mbao zilizoliwa na mchwa ukawa kwa mgeni pambo la hoteli au meza ya chumba cha wageni.

Ndipo sheria ilipoingia, na kwa kuingia kwake ikaleta jambo la ajabu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 iliuweka katika vitu vinavyolindwa kila mlango au fremu ya mlango ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kenya, katika sheria yake ya 1983, ilifanya vivyo hivyo lakini ikachagua mwaka 1946, na kipimo hicho kikahamia katika sheria ya 2006. Zanzibar ina sheria yake yenyewe. Maana yake ni kuwa umri wa mlango, uliokuwa swali la wapenzi wa vitu vya kale na la wanachuoni, uligeuka kuwa swali la forodha. Muuzaji aliye mbele ya mnunuzi huapa kuwa mlango wake ni wa babu wa babu yake. Muuzaji huyo huyo, akiwa mbele ya ofisa wa bandari, hukumbuka ghafula kuwa ulichongwa juzi. Mlango mmoja hupewa tarehe mbili za kuzaliwa kwa siku moja, na mara nyingi mwenye kuamua baina yake hana mbele yake ila mbao zenyewe.

Basi yafaa kuuliza mbao hizo husema nini.

Mjuzi haanzi mbele, penye nakshi. Nakshi ndiyo sehemu ambayo mdanganyifu ameishughulikia zaidi, na mafundi wa Zanzibar na Lamu hata leo huchonga vizuri sana. Huanza nyuma. Upande wa ndani wa mlango wa kale aghalabu uliachwa bila pambo, na hapo ndipo chombo cha fundi kilipobakiza maandishi yake: mabonde mafupi ya tezo yasiyolingana, au mistari iliyonyooka ya msumeno wa mkono iliyopanda na kushuka kidogo kwa kuchoka kwa wavutaji. Mbao yenye alama za pinde, kila upinde sawa na mwenziwe, imepita katika msumeno wa mviringo wa mashine. Hilo peke yake halitoshi kuuhukumu mlango wote, kwa kuwa huenda ni ubao mmoja uliobadilishwa. Lakini humlazimisha mtazamaji aupime kila ubao kwa nafsi yake.

Kisha hutazamwa jinsi mlango ulivyozunguka. Milango ya kale haikuwa na bawaba za chuma. Kila ubawa ulikuwa na ncha ya mbao juu na chini, na ncha hizo zilizunguka katika matundu ya vizingiti. Ncha iliyotumika kwa miaka mia huwa imelika upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa sababu uzito wa ubawa huvuta upande mmoja, na tundu lake huwa limetanuka kufuata uliko huo. Ncha na tundu vikifanana kwa ugonjwa, vilikaa pamoja. Vikipishana, kuna ndoa iliyofungishwa dukani: mabawa ya nyumba moja yameozwa kwa miimo ya nyumba nyingine. Ndoa hizi ni nyingi kuliko milango ya bandia kabisa, na ni ngumu zaidi kugundua, maana kila kipande ni cha kale kweli, na uongo umo katika kuungana kwake tu. Mfaa, yaani ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mabawa mawili, ndio hubadilishwa kuliko vyote, kwa kuwa hupigwa na kila anayefunga mlango kwa hasira.

Misumari nayo ina habari. Msumari uliofuliwa na mhunzi una pembe nne na kichwa kisicholingana, na kutu yake imepenya katika mti ikauacha mweusi pembezoni mwa tundu. Misumari ya waya ya kiwandani, myembamba na ya mviringo, ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Ile misumari mikubwa ya shaba yenye ncha, ambayo kila mwongozaji wa wageni husema iliwekwa kuzuia tembo wa vita, ilikuwa pambo katika Unguja, ambako hapakuwa na tembo wa kuzuiwa. Na kwa kuwa ni pambo lipendwalo, huongezwa kwenye milango ambayo haikuwa nayo. Ukiutoa mmoja, tundu lake husema ukweli: mti ulio safi ndani ya tundu ni mti uliotobolewa karibuni.

Hadithi za alama zichukuliwe kwa uangalifu. Samaki, wimbi, yungiyungi, mtende na mnyororo huchongwa mno, na wauzaji wamezipa maana moja moja kama kamusi. Mnyororo hasa umefanywa ushahidi kwamba mwenye nyumba aliuza watu. Wapo walioishi katika majumba hayo waliouza watu, na historia haihitaji kuwaficha. Lakini mnyororo huonekana kama pindo la kawaida katika milango ya watu wa kazi mbalimbali, na bei hupanda kwa hadithi ya kutisha kama inavyopanda kwa hadithi ya kupendeza.

Kilicho hatari zaidi kwa mnunuzi ni tarehe. Katika kizingiti cha juu aghalabu huchongwa aya au jina la Mungu, na pengine mwaka wa Hijra. Mwaka huo, mtu asiyejua hesabu yake huusoma kama mwaka wa Miladi, na kuna wauzaji wasioona sababu ya kumsahihisha. Mlango ulioandikwa 1306 ulichongwa mwaka 1888 au 1889, baada ya kufa Sayyid Barghash. Mgeni akiusoma kwa hesabu yake, ameupa miaka 582 ya bure. Hata kwa mwenye kujua, hesabu ina mitego. Mwaka wa Hijra ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, hivyo miaka 33 ya mwezi ni karibu 32 ya jua, wala miaka hiyo haianzi pamoja. Mwaka 1358 ulianza Februari 1939 ukaisha Februari 1940. Mlango wenye tarehe hiyo ungeweza kuwa ndani ya ulinzi wa sheria ya Tanganyika au nje yake, kutegemea mwezi ambao fundi hakuuandika. Na ikiwa tarehe imeongezwa baadaye, hujulikana kwa kingo: nakshi ya zamani imepigwa na mvua na jua hata kingo zake zimelainika, na tarehe iliyokatwa jana ina kingo kali na rangi changa chini ya mafuta.

Mafuta yenyewe ni somo. Mfenesi ukikatwa huwa wa manjano, kisha hukolea polepole hata ukawa wa hudhurungi. Msaji hugeuka kijivu ukiachwa juani. Mbambakofi ni mzito na hukataa patasi hafifu. Mdanganyifu hutaka kufanya kwa juma moja kazi ya miaka themanini, naye huitumia chai, majivu, udongo wenye maji au lami iliyoyeyushwa. Lakini rangi yake huwa sawa kila mahali, na uzee hauko sawa kila mahali. Mlango uliosimama barabarani umechakaa zaidi chini, palipopigwa na maji ya mvua yarukayo kutoka njiani. Umeng'aa palipofika mkono wa mtu mzima kushika mnyororo, na tena chini zaidi, palipofika mkono wa mtoto. Na juu kabisa, chini ya kivuli cha ukuta, nakshi yake huwa kali kama siku ya kwanza. Mlango uliozeeka sawasawa toka juu hata chini haukupata kuwa na nyumba.

Juu ya matengenezo, maoni ya soko na maoni ya mwanahistoria hayapatani, na haki iko kwa mwanahistoria. Soko hutoza adhabu kwa kila kiraka. Kizingiti cha chini kilichobadilishwa, ubao ulioungwa, tundu la kufuli la Kizungu lililotobolewa kando ya komeo la kale, haya yote hupunguza bei. Lakini kizingiti cha chini hukanyagwa na watu na huliwa na mchwa, na nyumba iliyokaliwa kwa vizazi vinne bila kukibadilisha ingekuwa nyumba ya ajabu. Kiraka cha zamani kilichotiwa na seremala wa mtaa ni sehemu ya habari za mlango. Kilicho uharibifu ni ukwanguaji: muuzaji huondoa tabaka zote za rangi, ya kijani, ya buluu, ya mafuta ya taa na masizi, ili mti uonekane kama wageni waupendavyo, na kwa kufanya hivyo huondoa kumbukumbu ya kila mwenye nyumba aliyepata kuupaka.

Si haki kuwatia mafundi wa leo katika lawama hii. Mlango mpya uliochongwa Zanzibar au Lamu na kuuzwa kama mpya ni kazi halali, tena ndiyo iliyohifadhi ufundi usife. Nao humwezesha mpenzi wa nakshi kupata atakacho bila mtu kuvunjiwa ukuta. Udanganyifu huanza pale mlango huo unapozikwa bustanini kwa miezi michache.

Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Tangu hapo wizi wa wazi umekuwa mgumu zaidi, lakini kuanguka kwa nyumba hakukukoma, na mlango wa nyumba iliyoanguka bado humfikia dalali mapema. Kwenye kibandiko cha duka la ng'ambo utaandikwa: Zanzibar, karne ya 19. Mtaa hautajwi, wala upande uliotazama, bahari au kibla, wala jina la mwenye nyumba. Mambo hayo yalikuwa yakijulikana na kila jirani siku miimo ilipong'olewa, na kuyaandika kungechukua nusu saa: kipimo cha kamba, picha moja ya mlango ukiwa bado ukutani, na swali kwa mzee aliyeketi barazani ng'ambo ya njia. Pengo la ukuta huzibwa kwa matofali ya saruji na mlango wa bati. Pengine fundi aliyetumwa huona uvivu kuchimba hata chini, akaikata miimo kwa msumeno, na ncha zake zikabaki ndani ya chokaa.