Gemu ni yao, mashindano ni ya nani?

Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Ukitaka kuandaa mashindano ya mtaa Desemba hii, utatafuta uwanja, refa mwenye filimbi na mbuzi wa mshindi. Huandikii FIFA barua ukiomba ruhusa ya kupiga mpira. Chifu atajua, polisi watajua kama umati ni mkubwa, lakini hakuna kampuni itakupigia simu Ijumaa jioni ikuambie, "Boss, huo mchezo ni wetu, zima."

Gemu ya video ni maneno mengine kabisa. Kila kitu unachoona kwenye skrini, kuanzia nyasi hadi kelele za mashabiki, kina mwenyewe. Hata hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaweka programu ya kompyuta kwenye kapu moja na riwaya na mihadhara. Kwa hivyo ukilipisha watu mia mbili mbili waje washindane, halafu urushe fainali laivu, unatumia mali ya mtu mbele ya umma. Wengi wetu hatufikirii hivyo kwa sababu hakuna mtu huja kutuuliza. Kampuni imenyamaza, sisi tunacheza. Mimi nimekuwa nikisoma historia ya hii mambo, na huo unyamavu ndio unanitia wasiwasi kuliko kanuni zenyewe.

Anza na Korea Kusini. StarCraft ilitoka 1998, wakati nchi ilikuwa imepigwa vibaya na mtikisiko wa uchumi wa 1997 na vijana wengi hawakuwa na kazi. Walijaa kwenye vyumba vya kompyuta vya kulipia kwa saa, fikiria saiba zetu za zamani lakini zenye intaneti ya maana. Kutoka hapo kukazaliwa ligi, timu zenye makocha, wachezaji wa kulipwa, na vituo viwili vya televisheni, Ongamenet na MBC Game, vikirusha mechi kama sisi tunavyotazama Premier League. Blizzard, kampuni ya Marekani iliyotengeneza gemu hiyo, haikujenga ligi hizo. Iliuza diski.

Miaka ikapita. Mwaka 2007 shirikisho la huko, KeSPA, likauza haki za kurusha mechi za ligi. Hebu soma hiyo sentensi tena: likauza haki za gemu ambayo si yake. Blizzard wakaamka. Mazungumzo yakavutana miaka mitatu, na 2010 Blizzard wakampa mtu mwingine leseni ya kipekee, kampuni iitwayo Gretech, kisha wakapeleka vituo vile viwili kortini. Hoja ya upande wa KeSPA ilikuwa kwamba StarCraft imeshakuwa kama mali ya umma, imechezwa na taifa zima kwa zaidi ya miaka kumi. Mimi kimoyomoyo naikubali hiyo hoja. Kisheria haina miguu. Mei 2011 wakakubaliana: ligi iendelee, lakini kwa leseni. Na mapema 2012 MBC Game ikafungwa, masafa yake yakapewa chaneli ya muziki. Siwezi kusema ni leseni iliyoiua, kulikuwa na mambo mengi, ikiwemo kashfa ya kupanga matokeo ya mechi iliyolipuka 2010. Lakini wale waliojenga uwanja waligundua wakiwa wamechelewa kwamba shamba lina hati, na hati si yao.

Sasa tuje kwa hadithi yenyewe, ya Super Smash Bros. Melee. Hapa ndipo naomba msiruke aya.

Melee ilitoka mwisho wa 2001 kwenye GameCube, mashine ambayo Nintendo waliacha kuitengeneza kitambo. Wachezaji wakakataa kuiacha. Wanabeba zile televisheni nzito za kisogo hadi kwenye kumbi, kwa sababu picha kwenye televisheni bapa inachelewa kidogo na kwa Melee hicho kidogo ni kipigo. Mwaka 2013 Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana huko Las Vegas, waliachia nafasi moja ya gemu ya mwisho na kusema: jamii itakayochangisha pesa nyingi zaidi kwa utafiti wa saratani ya matiti ndiyo itaichukua. Watu wa Melee wakachanga zaidi ya dola 94,000 na wakashinda. Harambee, kwa lugha yetu. Halafu siku chache kabla ya mashindano, Nintendo wakasema mechi za Melee zisirushwe. Kelele zilizopigwa mtandaoni siku hiyo zilikuwa noma, na ndani ya masaa machache Nintendo wakabadilisha msimamo.

Kila mtu alisherehekea, lakini ona walichopata. Nintendo hawakutoa kanuni wala karatasi inayosema mwaka ujao mtaruhusiwa hivi na hivi. Waliacha tu. Kuanzia hapo jamii nzima ikajengwa juu ya "si waliachilia ile siku?"

Mwaka 2020 Covid ikafunga kumbi. Kijana mmoja wa programu alikuwa ametengeneza Slippi, kitu kilichofanya gemu ya miaka karibu ishirini ichezeke vizuri kwenye intaneti bila kugandaganda. The Big House, mashindano ya siku nyingi kutoka Michigan, wakapanga kuyafanya mtandaoni. Novemba wakapokea barua ya kusitisha. Sababu ya Nintendo ni kwamba Slippi inahitaji nakala ya gemu iliyotolewa kwenye diski na kugeuzwa, na kwao huo ni wizi. Kwa karatasi wana hoja. Lakini mwaka ambao kukusanyika ukumbini kulikuwa hatari kwa afya, njia iliyobaki ilikuwa gani?

Halafu 2022, ambayo kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. Smash World Tour ilikuwa mzunguko mkubwa wa mashindano, fainali imepangwa Desemba huko San Antonio, Texas. Tarehe 29 Novemba waandalizi wakatangaza wamefuta kila kitu. Kwa maelezo yao, walikuwa wakizungumza na Nintendo kuhusu leseni kwa karibu mwaka mzima, wakiamini mambo yanaenda poa, hadi wakaambiwa zile siku za kuendesha bila leseni zimeisha. Nintendo wakajibu kwamba hawakuagiza fainali ya 2022 ifutwe, walikataa tu leseni ya 2023. Wakati huo huo kulikuwa na mzunguko mwingine, Panda Cup, uliokuwa na leseni rasmi. Hasira za mashabiki zikaugeukia huo, na fainali yake nayo haikuchezwa. Kwa hivyo mwaka mmoja, mwenye leseni na asiye na leseni wote wamelala. Kuna wachezaji walikuwa wameshanunua tiketi za ndege.

Ndipo Oktoba 2023 karatasi ikaja, ya kuanza kutumika Novemba 15. Mashindano ya jamii: washiriki wasizidi 200 ukumbini au 300 mtandaoni. Zawadi isizidi dola 5,000 kwa tukio moja, na dola 10,000 kwa mwaka. Hakuna wadhamini. Hakuna kuuza chakula, vinywaji wala fulana. Gemu isiwe imegeuzwa. Ukitaka kuvuka mipaka hiyo, omba leseni, usubiri.

Watu walikasirika sana. Mimi nimeipigia hesabu kwa macho ya mtaa. Vijana 64, kila mmoja anatoa mia mbili: hiyo ni shilingi 12,800. Dola 5,000 ni zaidi ya nusu milioni. Mpaka wa zawadi hautugusi hata kwa ndoto. Kinachotuua ni vile vipengele vidogo. Nani huandaa mashindano mtaani bila mwenye duka la simu kutoa kreti ya soda na bango lake kutundikwa ukutani? Huyo ni mdhamini. Na ukiweka meza yako ya kuuza chai na smokie ndio upate kodi ya ukumbi, umevunja kanuni nyingine. Aliyeandika zile kanuni alifikiria mtu anayefanya mashindano kama hobi, ana mshahara kwingine. Hakumfikiria msee ambaye mashindano ndiyo kibarua chake.

Hata hivyo, na najua baadhi yenu mtanirukia, karatasi mbaya naichukua mbele ya unyamavu. Karatasi unaweza kuisoma, kuipinga, kupanga ukubwa wa ukumbi kulingana nayo. Smash World Tour hawakuangushwa na kanuni ya washiriki 200, kwa sababu ilikuwa bado haijaandikwa. Waliangushwa na mwaka mzima wa kutojua wanasimama wapi.

Na leseni si lazima iwe kamba ya kumfunga mdogo. Agosti 2023 Valve, wenye Counter-Strike, walitangaza kwamba kuanzia 2025 waandalizi wakubwa hawatakuwa tena na mikataba ya pembeni na timu zinazoshiriki, na mialiko itafuata orodha ya ubora ama mchujo ulio wazi kwa kila mtu. Hapo mwenye gemu ametumia nguvu ile ile ya hati kufungua mlango. Walitoa pia zaidi ya mwaka mzima wa notisi, jambo ambalo watu wa San Antonio wangelipenda sana.

Sasa huku kwetu gemu inayojaza ukumbi si Melee, ni mpira: FC ya EA na eFootball ya Konami, kampuni mbili tofauti, kila moja na masharti yake. Ukiandaa kitu, tafuta ukurasa wa masharti wa gemu yako, uusome sehemu ya wadhamini na ya kurusha laivu kabla hujachapisha bango, na uhifadhi nakala yenye tarehe, manake huwa wanabadilisha bila kupiga hodi. Kama hakuna jibu, waandikie barua pepe na uweke ile uliyotuma. Inaweza kukaa miezi bila kujibiwa. Lakini ukienda kwa mwenye ukumbi, ama kwa yule jamaa wa kreti ya soda, angalau utakuwa na kitu cha kumwonyesha.