Chekechea nzuri ni ipi? Mambo ya kuangalia kabla ya kumpeleka mtoto

Ukurasa huu ni kwa mama, baba, bibi, dada au mlezi yeyote anayetafuta mahali pa kumwacha mtoto wa miaka 2 hadi 5 akiwa kazini. Tumewafikiria hasa wanaoishi Mwanza na kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Igogo na Kirumba mpaka Kayenze, Sengerema na Ukerewe. Wengi wenu mnatoka alfajiri kwenda mwaloni, sokoni au shambani, na mtoto lazima abaki na mtu.

Kwa ufupi:

- Chekechea nzuri humlinda mtoto, humlisha, huongea naye na humwacha acheze. Kuandika daftari nyingi si kipimo.
- Tembelea kituo wakati watoto wapo, kabla ya kulipa ada.
- Ukiwa karibu na ziwa, uzio na mtu wa kuwaangalia watoto ni mambo ya kwanza kuuliza.
- Kituo kinatakiwa kuwa kimesajiliwa. Una haki ya kuomba kuona cheti.

Kwa nini miaka hii ni muhimu

Mtoto akifikisha miaka 5, ubongo wake umeshafikia takriban asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Katika miaka hiyo anajenga lugha, kumbukumbu, uwezo wa kutulia na uwezo wa kuishi na wenzake. Anavijenga kwa kuongeleshwa, kubebwa, kucheza, kula vizuri na kulala vya kutosha.

Serikali ya Tanzania inalitambua hilo. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Inataja mambo matano ambayo kila mtoto anayahitaji: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. "Malezi yenye mwitikio" maana yake ni kwamba mtoto akilia, akiuliza au akionyesha kitu, mtu mzima anamjibu.

Yatumie mambo hayo matano kupima kituo chochote. Kikikosa moja, mtoto anakosa kitu ambacho mengine manne hayawezi kukiziba.

Mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza

Wazazi wengi hupima chekechea kwa daftari: mtoto wa miaka 3 ameandika a, e, i, o, u kurasa kumi, basi shule ni nzuri. Lakini misuli midogo ya vidole vyake bado haijakomaa. Kumlazimisha kuandika kwa muda mrefu humchosha na kumfanya aichukie shule mapema. Vidole huimarishwa kwa kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchora mchangani, kupanga vizibo na kuchambua maharage.

Hesabu nayo huanza kwenye vitu. Mtoto anayegawa michembe kwa wenzake watano, kila mmoja vipande viwili, anajifunza hesabu. Anayeimba na kupiga makofi kwa kufuata silabi anajiandaa kusoma.

Lugha pia ina uzito. Kama nyumbani mnaongea Kisukuma, Kikerewe au Kijita, mtoto anaingia darasani akiwa na maneno mengi ya lugha hiyo. Mwalimu mzuri hayadharau maneno hayo. Anayatumia kumvusha kwenda Kiswahili, na baadaye Kiingereza. Mtoto anayeimba Kiingereza bila kuelewa anachokiimba bado hajajifunza lugha. Usichague kituo kwa sababu ya bango la "English medium" peke yake.

Mambo ya kuangalia ukitembelea kituo

Nenda asubuhi, bila kutoa taarifa ikiwezekana, ukae nusu saa. Angalia haya:

- Idadi ya watoto. Kiwango cha darasa la awali nchini ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wenye umri mdogo zaidi wanahitaji mlezi mwenye watoto wachache kuliko hapo.
- Mlezi anavyoongea. Je, anainama kumsikiliza mtoto na kumwita kwa jina? Au ni kelele na vitisho?
- Vitu vya kuchezea. Si lazima viwe vya dukani. Magurudumu, vizibo, makopo, mpira wa makaratasi na vitabu vya picha vinatosha, ilimradi watoto wanavigusa. Midoli iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtu.
- Choo na maji. Choo kiwe na tundu dogo linalomfaa mtoto, kiwe safi, na pawe na maji na sabuni karibu.
- Kulala. Mtoto wa miaka 2 au 3 anahitaji kulala mchana. Ukanda wa ziwa una malaria nyingi, kwa hiyo uliza kama pana chandarua.
- Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Kituo kizuri kina orodha, na hakimkabidhi mtoto kwa mtu asiyejulikana.
- Usafiri. Watoto wanane kwenye bajaji moja si usafiri salama, hata kama ni karibu.

Ziwa na maji mengine

Mtoto mdogo huzama haraka na kimya. Hapigi kelele. Anaweza kuzama ziwani, kisimani, kwenye shimo lililochimbwa mchanga na kujaa maji ya mvua, au hata kwenye ndoo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Shirika hilo hilo linashauri watoto wadogo wanaoishi karibu na maji wapate mahali salama pa kukaa saa ambazo wazazi wako kazini. Bangladesh, nchi yenye mito na mabwawa mengi, ilianzisha vituo vya kijiji vya kuwaangalia watoto asubuhi, na vifo vya kuzama vilipungua sana kwa watoto waliohudhuria. Kwa hiyo kituo kizuri karibu na mwalo kinamfundisha mtoto na pia kinaokoa uhai wake.

Uliza: Uzio uko wapi, na geti linafungwa? Mapipa na visima vina mifuniko? Nani anawahesabu watoto, na mara ngapi? Mlezi akienda kupika, nani anabaki nao? Usikubali jibu la "watoto wakubwa wanawaangalia wadogo". Mtoto wa miaka 7 hawezi kumwokoa wa miaka 3.

Maji ya ziwa yana pia kichocho. Mtoto hukipata ngozi yake ikigusa maji yenye vimelea, hata akiogeshwa tu ufukweni. Kituo kisiwapeleke watoto kuoga au kucheza ziwani. Mtoto akiumwa tumbo mara kwa mara, akitoa kinyesi chenye damu au tumbo likivimba, mpeleke kituo cha afya.

Chakula na afya

Mtoto mdogo hawezi kukaa mpaka saa nane mchana bila kula. Uliza uji unapikwa saa ngapi na una nini ndani. Uji wa mahindi peke yake hujaza tumbo bila kujenga mwili. Ukiongezwa karanga zilizosagwa, maziwa, au dagaa waliooshwa, kukaangwa bila mafuta na kusagwa, unakuwa chakula kamili zaidi. Dagaa wa ziwa letu ni wa bei nafuu na wana protini na madini ya chokaa.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kila mtoto awe na kikombe chake. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, kwa sababu kuhara na kipindupindu huenea haraka mahali penye watoto wengi.

Kituo makini kitaomba kuona kadi ya kliniki ili kujua chanjo zilizokamilika. Kitakuambia ubaki na mtoto nyumbani akiwa na homa au anaharisha. Usikasirike, kwani hivyo ndivyo wanavyomlinda mwanao pia. Kumbuka matone ya vitamini A na dawa za minyoo kila baada ya miezi sita.

Fimbo na vitisho

Mtoto wa miaka 3 anayejikojolea, anayelia au asiyetulia si mkaidi. Ndivyo umri wake ulivyo. Kumchapa, kumfungia chumbani, kumnyima chakula au kumwaibisha mbele ya wenzake humfundisha woga tu, na mtoto mwenye woga hajifunzi.

Fuatilia ukiona mabadiliko haya: mtoto aliyekuwa mchangamfu anakuwa kimya, anaanza tena kukojoa kitandani, anamkwepa mtu fulani, ana alama mwilini, au analalamika maumivu sehemu za siri. Kulia asubuhi wiki mbili za mwanzo ni kawaida. Kulia kwa hofu baada ya kuzoea si kawaida.

Anza kwa kuongea na mwalimu kwa utulivu: "Mwalimu, naomba tuongee kidogo. Mwanangu amebadilika tangu wiki iliyopita, naomba kujua anavyoshinda huku." Mwalimu mwema atakueleza. Ukihisi ukatili, usisubiri. Piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Mtoto mwenye ulemavu

Ana haki ya kujifunza na wenzake. Mwenye ualbino anahitaji kofia, mikono mirefu, kivuli na kukaa mbele karibu na ubao. Uliza pia jinsi anavyolindwa njiani, kwenda na kurudi.

Usajili na ada

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe na kukaguliwa. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako anaweza kukuambia kama kituo kimesajiliwa.

Mtoto wa miaka 5 anatakiwa kuanza darasa la awali kwa mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Katika shule za serikali darasa hilo halina ada.

Madarasa ya serikali mara nyingi yana watoto zaidi ya 25. Hilo lisikufanye umbakize mtoto nyumbani. Hudhuria vikao vya wazazi, ulizia uji na choo cha watoto wadogo, na wazazi mkubaliane mnachoweza kuchangia.

Ukirudi nyumbani

Hata kituo bora hakichukui nafasi yako. Dakika kumi na tano zinatosha kuanzia. Unapochambua dagaa, muulize amecheza na nani leo, mhesabu pamoja, msimulie hadithi ambayo bibi alikusimulia. Mtoto anayesikilizwa nyumbani atakuambia mapema likitokea baya huko anakoshinda.